Utepe Haukatwi kwa Nafasi Tupu

Ukitoka Kakamega kwenda Kisumu, unapita Ilesi wanakofinyanga vyungu, kisha Khayega na Mukumu, ndipo unafika Sigalagala. Ni njia panda. Barabara kuu ya A1 inaendelea kusini kuelekea Chavakali, na nyingine inachepuka magharibi kwenda Musoli na Butere. Hapo kuna steji, bodaboda, vibanda vya mboga, maduka ya mabati na saruji, na jirani yake chuo cha ufundi kilichopandishwa hadhi mwaka 2016 kuwa cha kitaifa. Nyuma ya maduka kuna safu za vyumba vya kupanga. Nyuma ya vyumba kuna migomba, mahindi na makaburi ya wazee. Hatua chache tu zinakutoa mjini na kukurudisha kijijini.

Mahali pa aina hii hapaandikwi sana katika ripoti za miji, ambazo hupenda Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ila ukitaka kujua Wakenya wengi wataishi vipi miaka 30 ijayo, angalia vituo vya soko kama hiki. Ndipo shamba linapogeuka ploti, na ploti ikishageuka nyumba, hairudi nyuma. Hapa miradi imekuja mingi, na mingine itakuja. Kinachosumbua ni kwamba mradi mmoja mmoja unaweza kuwa mzuri, na mji unaotokana nayo ukawa mgonjwa.

Afya ya mji huamuliwa na mambo yasiyojengwa kuliko yanayojengwa: upana wa kichochoro, mkondo wa maji ya mvua, umbali kati ya kisima na choo, kiwanja ambacho hakuna aliyekigusa. Na hayo ndiyo yasiyo na mwenyewe. Barabara ina mamlaka yake, taa ina mwanasiasa wake, jengo la soko lina kontrakta wake. Nafasi tupu haina wa kuitetea, kwa sababu hakuna kiongozi aliyewahi kukata utepe kuizindua.

Waliopanga kabla ya wapangaji

Si kweli kwamba Sigalagala ilikua bila mpango. Wa kwanza kupanga walikuwa wenye ardhi. Katika sehemu nyingi za Uluhya, baba aliwagawia wanawe shamba kwa vipande virefu, kuanzia barabarani juu hadi kijitoni chini. Kila mwana alipata njia, mahali pa kujenga, pa kulima na pa kuteka maji. Nyumba zilikaa juu, makaburi karibu na nyumba, mifugo na mimea kwenye mteremko, maji bondeni. Mpango huo haukuandikwa popote, lakini ulijibu maswali yote ambayo mpangaji miji huulizwa leo.

Serikali nayo ilikuwa na mpango wake. Katika miaka ya 1970 mipango ya maendeleo ya taifa iliweka ngazi za vituo: miji, vituo vya mashambani, vituo vya soko na vituo vidogo vya mtaa. Kila ngazi ilitajiwa huduma zake, ili watu wasilazimike kukimbilia Nairobi. Waraka wa Sera namba 1 wa 1986 ukaongeza wazo la vituo vya biashara na uzalishaji mashambani, vilivyotarajiwa kupewa miundombinu kabla ya watu kujaa. Wazo lilikuwa zuri. Pesa zilikuwa chache, na vituo vilivyosubiri havikusimama kungoja. Barabara ilipita, chuo kikapanuka, wanafunzi wakaja, watu wakajenga.

Tatizo lilianza mbele ya kile kipande kirefu. Sehemu inayogusa lami ina thamani kuliko nyingine zote, kwa hiyo hiyo ndiyo inayouzwa kwanza, mara nyingi kwa ploti za futi 50 kwa 100. Anayenunua ya mbele ananunua barabara. Aliye nyuma anabaki na ahadi ya njia. Baba akiwa hai ahadi hiyo inatosha, maana kila mtu anajua ng'ombe walikopita. Baba akishafariki na ploti ikauzwa mara ya pili kwa mgeni kutoka mbali, ukuta unajengwa, na kichochoro kilichokuwa cha gari kinabaki cha mtu mmoja aliyebeba mtungi. Siku nyumba ya nyuma ikishika moto, au mama akipata uchungu usiku, ndipo familia inapogundua iliuza nini.

Hesabu ya kisima na choo

Chukua ploti hiyo ya futi 50 kwa 100. Kwa mita ni takriban 15 kwa 30. Miongozo ya kimataifa ya usafi, kama ile ya Sphere, inashauri choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na chini ya shimo pawe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu au zaidi. Sasa jaribu kuchora. Kutoka pembe moja ya ploti hadi pembe iliyo mkabala wake ni kama mita 34. Kwa hiyo njia pekee ya kutimiza masharti ni kuweka kisima pembeni kabisa huku na choo pembeni kabisa kule. Ukishafanya hivyo, choo chako kimekaa ubavuni mwa ploti ya jirani, na yeye akitaka kuchimba kisima hana pa kukimbilia.

Maana yake ni kwamba mwenye ploti hawezi kuwa na maji salama kwa juhudi zake peke yake, hata awe mtu makini kiasi gani. Anaweza kujenga vizuri, akapaka rangi, akaweka vigae, na bado akanywa uchafu wa jirani. Suala hilo linatatuliwa kwa ploti nyingi pamoja: kwa bomba la pamoja, kwa chemchemi iliyolindwa, au kwa makubaliano kwamba upande huu ni wa visima na ule ni wa vyoo. Mwenye mamlaka ya kuleta makubaliano ya aina hiyo kisheria ni mpangaji.

Eneo hili linapata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mji wa Kakamega ndio uliojengewa mfumo wa majitaka. Vituo vya soko vilivyo kando ya barabara hutegemea mashimo na matangi ya septiki. Mvua nyingi, mashimo mengi, visima vifupi. Aprili 2023, kilomita chache kutoka Sigalagala, shule ya wasichana ya Mukumu ilifungwa baada ya wanafunzi mamia kuugua na baadhi yao kufariki pamoja na mwalimu mmoja. Uchunguzi wa Wizara ya Afya ulitaja vimelea vya E. koli na salmonela, na maji yalikuwa miongoni mwa yaliyochunguzwa. Taifa lilijadili usimamizi wa shule, chakula na bodi. Hayo yote yalistahili kujadiliwa. Ila vimelea vya kinyesi vina njia moja ya kufika mdomoni, nayo ni umbali mfupi kuliko unaotakiwa kati ya uchafu na anayekula au kunywa.

Magharibi mwa Kenya ni moja ya sehemu za dunia ambako jambo hili limechunguzwa kwa kina. Huko Busia, watafiti wakiongozwa na Michael Kremer, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walifuatilia chemchemi zilizojengewa zege na bomba ili maji yasichafuliwe juu ya ardhi. Uchafu kwenye chemchemi ulipungua kwa asilimia 66, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa takriban robo. Baadaye, kati ya 2012 na 2016, utafiti mkubwa zaidi ulifanywa katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga kwa wajawazito zaidi ya 8,000 na watoto wao. Familia zilipewa klorini, vyoo bora, vifaa vya kunawia mikono, au vyote pamoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yaliwashangaza wengi: kuhara hakukupungua, na watoto hawakukua zaidi kwa sababu ya maji na usafi.

Wengine waliyasoma matokeo hayo kama ushahidi kwamba maji na choo havina maana. Mimi nayasoma vingine. Matumizi ya klorini yalishuka kadiri muda ulivyopita, na mtoto wa familia iliyopewa choo kizuri bado alicheza kwenye udongo uleule, na kuku walewale, na mtaro uleule unaotoka kwa jirani. Chemchemi ya Busia ilikuwa ya kijiji, na yeyote aliyeteka alifaidika hata kama hakubadili tabia. Choo cha mama mmoja mmoja kilikuwa ni kisiwa. Afya ya nyumba hukaa nje ya nyumba.

Kila ofisi na kipande chake

Miradi inavyofika Sigalagala, hufika vipande vipande, kila kimoja na ofisi yake. Barabara kuu iko chini ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Barabara za mashambani ziko chini ya mamlaka nyingine, KeRRA, au kaunti, kutegemea daraja. Ile ya Butere na Sidindi ilisubiriwa lami kwa miaka mingi, na kila uchaguzi ulikuwa na ahadi yake. Maji ni ya kampuni za kaunti. Taa ndefu ya sokoni, mulika mwizi, huletwa na mbunge au gavana. Chuo ni cha serikali kuu. Kila ofisi ina bajeti, kontrakta na siku ya uzinduzi.

Ukarabati wa A1 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulirahisisha safari na kuongeza mwendo. Lami nzuri huleta gari la mgonjwa haraka, na huleta pia lori la kwenda Kitale kwa kasi mbele ya mwanafunzi anayevuka. Katika takwimu za ajali za Kenya, wanaotembea kwa miguu ndio kundi linalokufa zaidi barabarani. Mtaro wa barabara nao hutoa maji kwenye lami vizuri sana, kisha huyaachia mdomoni mwa kalvati. Kuanzia hapo, maji ni ya mwenye shamba la chini. Mchoro wa mhandisi uliishia kwenye mpaka wa hifadhi ya barabara, na hakuna mchoro mwingine ulioanzia hapo.

Halafu kuna vibanda. Kote kando ya barabara kuu mchezo ni uleule: alama ya X nyekundu, notisi, tingatinga, na baada ya wiki chache mbao na mabati yamerudi. Wengi huita huo ukaidi. Lakini mama anayeuza ndizi anajua hesabu yake. Mteja wake yumo dirishani mwa matatu iliyosimama dakika moja. Ukimhamishia soko jipya lenye paa na sakafu, mita 300 kutoka steji, umempa jengo ukamnyang'anya mteja. Mwaka 2009 serikali ya mseto ilianzisha Mpango wa Kuchochea Uchumi wa shilingi bilioni 22, na ndani yake masoko mapya ya mazao katika maeneobunge. Mengi yalikaa miaka bila mchuuzi, milango ikiota kutu. Jengo lilipangwa. Steji, ambayo ndiyo inayoleta wateja, haikupangwa pamoja nalo.

Pia kuna kinaya ambacho wachuuzi wanakijua vizuri. Asubuhi karani wa kaunti hupita kukusanya ushuru kibandani, na anatoa risiti. Siku nyingine ofisi nyingine inapita na rangi nyekundu kwenye kibanda hichohicho. Mchuuzi mwenye risiti mkononi ana haki ya kuuliza serikali ni ipi kati ya hizo mbili.

Sheria ipo, pesa ziko kwingine

Katiba ya 2010 inampa kila mtu, katika kifungu cha 43, haki ya nyumba inayofaa, viwango vya kuridhisha vya usafi, na maji safi. Ratiba ya Nne inakabidhi kaunti kazi ya mipango na nyumba. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakataza kujenga bila kibali cha kaunti na kuweka faini ya hadi shilingi 500,000. Kwenye karatasi, hakuna chumba cha kupanga kinachopaswa kusimama bila mtu kuuliza dirisha litafunguka wapi.

Mambo ni tofauti kwa mwalimu mstaafu aliyechukua kiinua mgongo chake na kujenga vyumba kumi vya futi 10 kwa 10 kwa ajili ya wanafunzi. Ofisi ya mipango iko Kakamega mjini. Fundi yuko hapa, na kodi inaanza mwezi ujao. Anajenga safu mbili zinazotazamana, ujia katikati, choo mwishoni, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Chumba kinakuwa na joto, moshi wa jiko na hewa ya jana. Wala si mtu mbaya. Hajawahi kuonyeshwa ramani inayosema ujia upite wapi, kwa sababu huenda haipo ya kiwango cha ploti.

Na pesa za kupanga huelekea kwingine. Mpango wa Kusaidia Miji ulioanza kutekelezwa mwaka 2018 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulilenga manispaa 59, na kwa Kaunti ya Kakamega hizo ni mji wa Kakamega na Mumias. Barabara za ndani, taa na mitaro zilijengwa huko. Ni haki yao. Lakini sheria ya maeneo ya miji, ilivyorekebishwa mwaka 2019, inataka wakazi 50,000 ili pawe manispaa na 10,000 ili pawe mji. Kituo cha soko kiko chini ya ngazi hizo, kwa hiyo kinapata msaada wa mipango baada ya kuwa kikubwa, yaani baada ya nafasi kwisha. Kaunti yenye watu 618 kwa kila kilomita ya mraba, kwa sensa ya 2019, haina anasa ya kusubiri hivyo.

Kwa nini mzee hamwamini mwenye ramani

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya zamani kuliko kaunti. Mpangaji akija na ramani katika sehemu hizi, watu huona mtu wa kuchukua ardhi, na wana sababu. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, sheria ya mwaka mmoja nyuma ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikichukuliwa, watafidiwa kwa ardhi nyingine. Desemba 1932 sheria hiyo ilibadilishwa haraka ili wachimbaji wapate nafasi bila ahadi ile. Wajukuu hawakuisoma hansadi, lakini habari ilifika nyumbani. Kila bikoni mpya, alama ya mpaka, inaulizwa swali la 1932.

Kwa hiyo katika baraza mazungumzo huwa ya namna hii. Afisa anasema, "Mzee, tunaomba mita tatu tu hapa upande wa chini, ili njia ya watu na maji ipite." Mzee anamtazama. "Mwanangu, hizo mita tatu ni za nani nikishazitoa?" Afisa anasema ni za umma. "Umma ni nani? Atakuja kulima mahindi yake hapo?" Watu wanacheka, chifu anaomba utulivu, na mkutano unageukia taa ya sokoni, ambayo haimegi shamba la mtu.

Swali la mzee ni swali sahihi. Nafasi ya umma isiyoandikwa, isiyowekewa alama na isiyosimamiwa ni nafasi ya atakayewahi kuiba. Ameona uwanja wa shule ukimegwa, ameona njia ya ng'ombe ikiwa duka. Anayeombwa kutoa ardhi ana haki ya kujua italindwa na nani.

Mukuru, Nairobi, ilitoa jibu moja. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza mitaa hiyo ya mabanda kuwa eneo maalumu la mipango, na kwa miaka kadhaa wakazi, wakisaidiwa na shirikisho la wakazi wa mabanda, Muungano wa Wanavijiji, pamoja na vyuo vikuu na mashirika, walikaa katika makundi madogo ya kaya jirani kujadili barabara, maji, afya na nyumba. Barabara zilipoanza kujengwa mwaka 2020, wenye mabanda wengi walirudisha nyuma wenyewe kuta zao ili njia ipite. Mukuru haikuwa pepo, na migogoro ya ardhi yake haikwisha. Lakini mtu anayebomoa ukuta wake mwenyewe ni ushahidi mzito: alijua mstari umepita wapi, aliushuhudia ukichorwa, na alijua jirani yake naye anarudi nyuma kwa kipimo hichohicho. Ikiwa hilo liliwezekana pale ambapo kaya zaidi ya 100,000 zimebanana, Sigalagala, ambako migomba bado inasimama nyuma ya maduka, ina nafasi kubwa zaidi na gharama ndogo zaidi.

Mlango ambao kila ploti hupitia

Kuna mahali ambapo mpango unaweza kuingia bila tingatinga. Ardhi ya kilimo haigawanywi kisheria bila ridhaa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na mchoro wa ugawaji unahitaji pia idhini ya kaunti. Kwa hiyo kila shamba linalogeuka ploti hupita kwenye meza mbili kabla ya kupata hati. Mara nyingi meza ya kwanza huuliza kama mke na watoto wamekubali, swali muhimu linalookoa familia. Lingeongezwa la pili: njia ya nyuma ni ya upana gani, na maji ya mvua yatapita wapi? Serveya akiwa bado yupo shambani na kamba yake, kuweka bikoni mbili zaidi hakugharimu kitu kikubwa. Baada ya nyumba kumi kusimama, mita hizohizo zinahitaji fidia, kesi na polisi.

Liguru, yaani mzee wa kijiji, na jamaa za mpakani wanapaswa kuwapo siku hiyo, maana wao ndio watakaokumbuka. Chuo kinachofundisha ujenzi kipo jirani; vijana wake wanaweza kupima na kuandika visima, vyoo, vichochoro na mikondo ya maji kama sehemu ya masomo, na kaunti ikapata ramani ya kiwango cha ploti bila kuagiza mshauri kutoka mbali. Chemchemi zinazotiririka bondeni zilindwe kwa pamoja, na eneo la kuzizunguka liandikwe katika hati, lisiachwe katika kumbukumbu. Steji ipangwe kwanza, kisha soko lijengwe ilipo steji.

Mpango wa maendeleo wa kaunti unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Wa miaka mitano inayofuata utapelekwa mabarazani, na wananchi wataulizwa wanataka nini. Wengi wataomba lami, taa na zahanati, na hawatakuwa wamekosea. Lakini kila wadi ipeleke pia orodha ya njia, mikondo na chemchemi zake, zikiwa na vipimo na bikoni, na mwakilishi wadi aulizwe kila mwaka ni ngapi kati yake zimebaki zilivyokuwa. Mwakilishi atakayeulizwa hivyo mara mbili ataanza kuzitembelea, na mzee aliyeuliza umma ni nani atakuwa na wa kumpigia simu siku jirani atakapoanza kuchimba msingi ndani ya njia.